Maswali ya Wasomaji: Cheni Inayochomoka, Mkono Unaolegea Mchana

Natumia ekskaveta (kijiko) ya tani 20 kuchimba mitaro kwenye udongo mweusi wa mbuga. Tangu mvua zianze, cheni ya kushoto imechomoka mara tatu, kila mara nikiwa nageuka. Ikichomoka tunairudisha na kuikaza zaidi. Sasa rola moja ya chini imeanza kuvuja oili. Tukaze mpaka wapi?
*Opereta, Chalinze*

Msikaze tena kabla ya kupima. Udongo wa mbuga unajaa kati ya meno ya sproketi (gurudumu la meno linalovuta cheni) na bushi za cheni (vyuma vya mviringo vinavyovaa pini), ukagandamizwa hadi kuwa mgumu kama tofali. Sproketi inakuwa kama imenenepa, na cheni inatakiwa kuzunguka mwili mkubwa zaidi kwa urefu uleule. Cheni iliyokazwa asubuhi ikiwa safi, saa nne asubuhi imeshavutika kama waya wa gitaa. Kinachoumia hapo ni sili, yaani mipira inayozuia oili isivuje, za rola, aidla (gurudumu la mbele linaloongoza cheni) na faino draivu (gia zinazozungusha sproketi). Rola yenu inawezekana imeponzwa na hilo.

Kwa hiyo pimeni mtambo ukiwa umeshafanya kazi, tope la siku hiyo likiwa bado limo. Endesha mbele taratibu kwenye ardhi tambarare mpaka cheni izunguke kiasi, kisha simama bila kurudi nyuma. Chukua ubao ulionyooka, uulaze juu ya cheni kutoka kwenye aidla hadi kwenye rola ya juu iliyo karibu nayo. Pima nafasi kati ya ubao na cheni pale ilipobonyea zaidi. Kwa Komatsu PC200, kwa mfano, inatakiwa iwe milimita 10 hadi 30. Kwenye tope lenu kaeni karibu na 30. Mitambo mingine hupimwa kwa kunyanyua upande mmoja na kuangalia cheni inavyoning'inia chini, kwa hiyo fuateni kitabu cha mtambo wenu, msichanganye vipimo vya njia mbili.

Kukaza ni kupiga grisi kwenye nipeli iliyo ndani ya kifuniko cha fremu ya cheni. Kulegeza ndiko kunakojeruhi watu. Grisi iliyomo ina shinikizo kubwa sana, na valvu ikifunguka yote hurushwa kama risasi. Simama pembeni, uso usielekee valvu, fungua kwa spana taratibu, isizidi mzunguko mmoja. Grisi isipotoka, mwenzako asogeze mtambo mbele na nyuma kidogo, wewe ukiwa umekaa mbali. Usiing'oe valvu hata kama umekasirika nayo.

Kwa nini kushoto tu? Angalieni mambo matatu. Kwanza, kama mkikaza jioni na asubuhi cheni imelegea tena, tafuteni grisi iliyomwagika ndani ya fremu, maana sili ya silinda ya kukazia imekufa. Pili, kagueni kingo za rola na aidla. Zikiwa zimelika upande mmoja, hazina tena cha kuizuia cheni isitoke njiani. Tatu, na hili wengi hulisahau, pimeni urefu wa cheni yenyewe. Cheni ikiwa imevutwa, pima kutoka katikati ya pini moja hadi katikati ya pini ya tano, yaani viungo vinne. Kwa mitambo ya daraja hilo kiungo kipya huwa na milimita 190 hivi, kwa hiyo vinne ni kama 760. Mkikuta 775, pini na bushi zimekwisha. Kuna mafundi watakaowashauri mkate kiungo kimoja ili aidla ipate nafasi ya kusukuma. Cheni itakaza, ni kweli, lakini nafasi kati ya bushi na bushi haitalingana tena na meno, na mtaanza kusikia sproketi ikiruka kila mkipanda mlima.

Halafu punguzeni kuzungukia palepale. Kwenye tope geuka kwa hatua ndogo ndogo: mbele, geuka kidogo, mbele tena. Na ule upande ambao siku zote unageukia ukitupa udongo, ubadilishe.

Kijiko changu asubuhi kina nguvu kabisa. Kuanzia saa sita mchana mkono na bumu (mkono mkubwa unaoanzia kwenye nyumba ya mtambo) vinakuwa vizito, hata kutembea kunasuasua. Fundi amependekeza tuongeze presha ya valvu kuu. Nakubali?
*Mmiliki wa mtambo, Geita*

Hapana, ndugu yangu. Presha ya valvu kuu kwenye mitambo mingi ya tani 20 ni kama baa 350, na ilipangwa hivyo ili pampu, hosi na silinda zisipasuke. Ukiipandisha kufidia pampu iliyochoka, utapata nguvu kwa wiki chache, kisha utanunua pampu.

Anza na sikio. Mtambo ukiwa wa moto, vuta mkono hadi mwisho wa silinda, shikilia sekunde chache tu, usikilize injini. Injini ikishuka mzunguko na kutoa moshi mweusi, haidroliki, yaani mfumo wa oili ya presha unaosukuma mkono, haina kosa kubwa. Tafuta upande wa injini: filta ya dizeli, filta ya hewa, tabo (inayosukumia injini hewa). Injini ikibaki juu, haijali kitu, huku mkono ukijikokota, oili inapotea njiani kabla ya kufanya kazi. Maelezo yako yanaelekea huku kwa pili, maana oili ikipata moto huwa nyepesi na hupita kwenye kila nafasi iliyolika. Asubuhi, ikiwa nzito, hiyo nafasi huigundui kwa macho wala kwa sikio, oili yenyewe imeiziba.

Kabla ya kumshuku pampu, jiulize kwa nini oili inapata moto kiasi hicho. Fungua mlango wa rejeta, utakuta kuula ya oili (kipoza oili) imesimama mbele au pembeni ya rejeta ya maji. Mwanga wa tochi ukiuweka upande mmoja, upite upande wa pili. Usipopita, kuna vumbi na majani katikati, na hapo ndipo pengine tatizo lako lote lilipo. Puliza kutoka upande wa feni kuelekea nje, si kinyume, na usiisogeze nozeli ya kompresa hadi ikunje mapezi ya kuula. Kagua mkanda wa feni. Angalia kipimo cha oili mtambo ukiwa umeegeshwa kama kibandiko cha tangi kinavyoonyesha, kwani silinda zikiwa zimetoka nje geji itasema oili imepungua, utaongeza bure. Uliza pia ni oili gani iliyowekwa mara ya mwisho. Ukikuta tangi lina namba 46 na 68 (namba za uzito wa oili) zilizochanganywa na oili nyingine ya dumu lisilo na jina, huwezi kutegemea itabaki na uzito gani ikipata moto.

Hayo yote yakiwa sawa, angalia ni kazi zipi zimelegea. Silinda moja ikilegea peke yake, shuku sili zake au valvu yake. Kutembea kwa upande mmoja kukilegea, badilisha hosi za mota mbili za kutembelea, kulia ziende kushoto: ulegevu ukihamia upande wa pili, mota ni nzima, tafuta kwenye jointi ya katikati (inayopitisha oili kutoka nyumba ya juu kwenda chini) au nyuma yake. Kwako wewe kila kitu kinalegea, kwa hiyo tunabaki na pampu au presha ndogo ya pailoti, ile inayosukuma valvu unapogusa fimbo. Pailoti kwenye mitambo mingi ni baa 30 hadi 40. Mwambie fundi aipime kwa geji kwanza, ni kazi fupi.

Kisha toa filta ya oili inayorudi tangini na uikate. Kwa wembe au msumeno mdogo, fungua karatasi yake kama unavyofungua kitabu, uilaze juani. Mabaki meusi yanayonyumbulika ni sili za silinda. Chembe za rangi ya dhahabu, shaba au bronzi, zinatoka kwenye viatu vya pistoni za pampu au mota. Vipande vya chuma vinavyonaswa na sumaku ni habari mbaya zaidi. Ukiziona hizo mbili za mwisho, usibadilishe pampu pekee. Tangi lioshwe, kuula isafishwe, oili iliyo kwenye mabomba na hosi imwagwe. Pampu mpya ikivuta oili yenye vumbi la ile ya zamani haitadumu, na muuzaji hatakubali kuirudisha.

Filta ya hewa tunaipuliza kila jioni kwa kompresa ya gereji. Kuna ubaya?
*Opereta wa greda, Dodoma*

Upo, mara mbili. Kompresa ya gereji husukuma presha inayotoboa karatasi, tundu usilione. Usizidi baa 2, puliza kutoka ndani kwenda nje, na mwishoni weka taa ndani ya filta gizani: mwanga ukionekana kama nukta kali, itupe. Usiigonge kwenye tairi wala cheni. Ile filta ndogo ya ndani haipulizwi wala haioshwi, hubadilishwa tu. Na kuipuliza kila jioni bila sababu ni kuiingizia vumbi: subiri taa ya onyo. Kila siku kamua tu kile kimpira cha kutolea vumbi chini ya nyumba ya filta.

Kuzima injini ghafla baada ya kazi nzito kuna madhara kweli?
*Kijana anayejifunza, Mwanza*

Yapo. Tabo huzunguka kwa kasi kubwa mno na hupozwa kwa oili ya injini. Ukizima, oili inasimama, yenyewe bado inazunguka ikiwa ya moto, na oili iliyobaki kwenye beringi inaungua. Acha injini izunguke taratibu dakika 3 hadi 5.

Mafundi, habari zenu. Nataka kununua ekskaveta iliyotumika. Dalali anasema ina masaa 4,000. Nikague nini?
*Msomaji, Nakuru*

Masaa kwenye saa ya mtambo hubadilishwa kirahisi, kwa hiyo tazama pedali, kiti na vishikio vya fimbo. Mpira wa pedali uliolika hadi chuma haulingani na masaa 4,000.

Fika bila taarifa na uguse injini kabla haijawashwa. Ikiwa na joto, kuna mtu amekutangulia kuficha shida ya kuwaka asubuhi. Iwashe, fungua kifuniko cha kuwekea oili. Moshi mwepesi si neno, lakini ukisukuma kwa mapigo kama sufuria ya ubwabwa, ringi za pistoni zimekwisha. Halafu chimba nayo saa nzima hadi ipate moto. Kwa sababu tuliyomweleza mwenzako wa Geita, mtambo unaouzwa kwa dakika kumi asubuhi haujakuonyesha kitu.

Beringi ya mzunguko, ile inayoiwezesha nyumba ya juu kuzunguka, ndiyo inayowaliza wanunuzi, kwani ni ghali na kuibadilisha ni kunyanyua nyumba yote ya juu. Weka baketi chini, ikandamize hadi mbele ya mtambo inyanyuke kidogo, kisha iachie. Mtu aliyesimama salama pembeni apime nafasi kati ya nyumba ya juu na ya chini inavyobadilika. Ikibadilika zaidi ya milimita 3, shusha bei sana au ondoka. Cheni na sproketi zipime kama tulivyoeleza juu. Meno yaliyochongoka kama ya papa yanamaanisha kubadilisha seti nzima, na kwenye mtambo wa cheni seti hiyo inaweza kula karibu nusu ya gharama zote za matengenezo.

Hosi ya bumu inatoa ukungu wa oili, lakini sioni tundu. Napapasa kwa kitambaa ili nilipate.
*Opereta, Kahama*

Acha mara moja. Oili inayotoka kwenye tundu la sindano hupenya kitambaa, glavu na ngozi. Kidole kitaonekana kimechomwa kidogo tu, hakiumi sana, na ndani oili inaendelea kuua nyama. Kikishachomwa hivyo, mtu aende hospitali saa hiyohiyo na amwambie daktari ni oili ya haidroliki iliyoingia kwa presha, kwa kuwa mara nyingi huhitaji upasuaji wa haraka.

Tafuta tundu kwa kipande cha boksi kilichofungwa kwenye fimbo ndefu, miwani ikiwa machoni. Ukishaliona, shusha baketi chini, zima injini, rudisha ufunguo kwenye nafasi ya kuwasha bila kuwasha, na usogeze fimbo zote pande zote ili presha iishe. Legeza na kifuniko cha tangi polepole. Hapo ndipo uguse naati ya hosi.