Maswali ya Wasomaji: Anwani Inayogeuka "xn--"

SWALI: Nilitumiwa kiungo kilichosomeka kama cha kampuni maarufu. Nilipokigusa, anwani ikageuka kuwa herufi za ajabu zinazoanza na xn--. Simu imeharibika? Tena natengeneza programu ya kutumiana ujumbe. Niwaonyeshe watu sura ipi? – Msomaji, Tanga

JIBU: Simu ni nzima, ndugu msomaji. Kivinjari kimekukinga. Majina ya tovuti husajiliwa kwa herufi a hadi z, tarakimu na kistari tu. Jina la Kiarabu au Kirusi hugeuzwa kwanza kuwa punikodi, ndiyo hiyo xn--.

Hatari iko kwenye herufi pacha. "а" ya Kikirili, yaani alfabeti ya Kirusi (namba yake kwenye kompyuta ni U+0430), na "a" yetu (U+0061) hazitofautishiki kwa macho. Mwaka 2017 mtafiti wa usalama wa mtandao, Xudong Zheng, alisajili xn--80ak6aa92e.com, jina la Kikirili tupu linalosomeka "apple". Vivinjari vilikuwa vikionyesha punikodi kwa majina yanayochanganya alfabeti. Hili halikuchanganya kitu, likapenya. Chrome ilirekebishwa katika toleo la 58.

Kwenye programu yako, hifadhi punikodi siku zote, kisha amua cha kuonyesha kwa kupima kila kipande kati ya nukta peke yake. Kikiwa cha alfabeti moja, onyesha herufi halisi. Kikichanganya Kilatini na Kikirili au Kigiriki, onyesha punikodi. Kikiwa cha Kikirili chote lakini kila herufi ina pacha wa Kilatini, na mwisho wa anwani ni wa Kilatini kama .com, onyesha punikodi pia. Kijapani usikizuie: huchanganya aina zake tatu za maandishi (kanji, hiragana na katakana) kihalali.

Tafadhali usichukue njia ya mkato ya kuonyesha punikodi kwa kila jina. Msomaji wa Muscat anaijua عمان (Oman). Ukimwekea xn--mgb9awbf hataweza kuikagua, na tapeli atamletea xn-- nyingine asione tofauti. Skrini ikiwa ndogo, kata mwanzo wa jina, kamwe si mwisho, maana mwenye tovuti hujulikana mwishoni.

Kwa mtumiaji wa kawaida: Kiswahili huandikwa kwa a hadi z, hivyo tovuti inayojiita benki ya hapa nyumbani ikionyesha xn--, usiingize nywila wala namba ya siri. Kwenye Firefox ya kompyuta, andika about:config, tafuta network.IDN_show_punycode, uiweke true, ili ikuonyeshe xn-- kila mara.