Epi tatu za mwisho za Breaking Bad: usiziunganishe

Mkuu, umesema umebakiza epi tatu za hii tamthilia ya Kimarekani, umekomea pale risasi zinapoanza kurindima jangwani, na unauliza uendelee au uachie hapohapo kwa sababu unaona kabisa Walter, yule mwalimu wa kemia anayepika madawa ya kulevya, hatoki salama. Mimi nami nilikomea palepale. Nikakaa siku nne.

Nafundisha kemia hapa Dodoma, kwa hiyo tamthilia hii ilinishika tangu epi ya kwanza, wala si kwa sababu ya madawa. Ni pale Walter anapotoka darasani kwenda kuosha magari, halafu gari analosugua tairi linakuwa la mwanafunzi wake. Miaka hiyo jioni nilikuwa napiga bodaboda. Siku moja nikabeba kijana Jamatini, tulipofika Nkuhungu nikavua helmeti, kumbe ni wangu wa kidato cha tatu. "Shikamoo mwalimu." Nauli elfu moja na mia tano, akatoa elfu mbili. "Chenji kaa nayo tu, mwalimu." Mpaka leo sijui ilikuwa heshima au huruma. Basi Walter nikamsamehe mengi, hata yasiyosameheka.

Hiyo epi uliyokomea niliiangalia na mwanyumba wangu, kamuoa mdogo wake mke wangu, naye ni askari. Walter na Hank, askari wa madawa ya kulevya, nao ni wanyumba vilevile, mmoja anapika, mwenzake anasaka wapikaji! Tumekaa kochi moja, Hank akamfunga Walter pingu, mwanyumba akapiga paja kwa furaha. Mimi nikajikuta nimesema "aah, jamani!" kama timu yangu imefungwa dakika ya tisini. Akageuka, akanitazama, hakusema kitu.

Halafu Hank akampigia simu mkewe, mwanyumba akaanza kulalamika kikazi: "Askari wawili porini, ofisini hakuna anayejua, mtuhumiwa bado yuko eneo la tukio, halafu yeye anapiga stori na nyumbani?" Hajamaliza, magari ya kina Jack, lile genge la wahalifu, yakatokea. Vumbi, vichaka vikavu, jua kali, ungesema ni njia ya Hombolo mwezi wa tisa.

Ukiachia hapo utabaki na Walter unayemtetea, kama nilivyokuwa namtetea mimi, na huyo si Walter kamili. Malizia.

Ila taratibu. Wamarekani walisubiri wiki nzima, kutoka tarehe 8 hadi 15 Septemba 2013, ndipo wakajua nani kapona. Wewe zote unazo kwenye flashi, na hapo ndipo nakuogopea. Inayofuata inaitwa Ozymandias, jina la shairi la Shelley la mwaka 1818: mfalme aliyejitapa kwa kazi zake, na kilichobaki ni sanamu iliyovunjika mchangani. Sikwambii zaidi. Iangalie peke yake, kisha zima, ulale ukiweza. Ya pili ni ya polepole, wengi wanaisema vibaya, mimi naipenda. Ya mwisho, ya 62 kwa hesabu yote, utaimaliza bila kushauriwa na mtu.

Mwanyumba alirudi siku ya tano tukaiangalia hiyo Ozymandias. Majina yalipoanza kupanda hakuna aliyefungua mdomo. Akatoka nje, akakaa juu ya pikipiki yake robo saa nzima bila kuiwasha.