Nimeongeza hewa, oksijeni ndo imeshuka. Kwa nini?

SWALI: Habari za kazi mhandisi. Mie niko kiwanda fulani, tuna tangi la kukuzia hamira, hewa inapulizwa toka chini kwa bomba la matundu, juu yake kuna mapanga ya kukorogea. Juzi oksijeni ilikuwa chini nikafungua valvu ya hewa zaidi, ikazidi kushuka, hadi ampia za mota zikashuka. Bosi anasema mita ya oksijeni imekufa. Kweli? – Fundi wa zamu, Morogoro

JIBU: Fundi, mita iacheni kwanza, hizo ampia zimeshasema kila kitu. Mota inayokoroga maji inakula umeme, ikianza kula kidogo ghafla ujue mapanga yanazunguka kwenye hewa. Nyuma ya kila panga presha ni ndogo, basi hewa inakimbilia hapo inajikusanya kama mfuko, ukizidisha hewa mifuko inakua mpaka panga linashindwa kuitawanya, na hewa yote inapanda moja kwa moja kufuata shafti. Chungulia kioo cha juu: ukiona kunachemka katikati tu na pembeni kumetulia, ndo hivyo.

Sasa oksijeni inaingia majini kupitia ngozi ya kiputo, sio tumbo lake. Lita moja ya hewa ukiikata viputo vya milimita 5 unapata ngozi ya mita za mraba 1.2, ukiikata vya milimita 1 unapata 6, na hewa ni ileile! Halafu kile cha milimita 5 kinapanda sentimita 20 na kitu kwa sekunde, hakikai, ila vidogo kabisa vinajivuta na mkondo unavirudisha chini, vinazunguka tena. Mapanga yakishindwa kukata unabaki na madonge ya hewa yanayopita tu.

Kwa hiyo rudisha valvu mpaka ampia zipande, ongeza spidi ya mapanga kama mota na giaboksi vinaruhusu, ndo ufungue hewa kidogokidogo jicho likiwa kwenye ampia.

Jingine hujalisema, nahisi lipo: dawa ya kuua povu. Zile za silikoni zinafanya viputo viungane haraka, na ngozi inapungua palepale. Watu wa zamu wanaimwaga kwa jagi wakiona povu linapanda (nawaelewa, nani anataka kudeki usiku), lakini oksijeni inaporomoka. Weka kidogo, subiri, ndo uongeze. Mkitaka kupima mita, ipimeni siku mapanga yanashika maji vizuri.