Maswali yenu ya wiki hii: sala ya mtu mwenye ndoo ya dagaa mkononi

Bwana asifiwe wapendwa, na Tumsifu Yesu Kristo kwa ndugu zangu Wakatoliki. Meseji zimekuwa nyingi, nimechukua sita, mengine nitayajibu wiki ijayo Mungu akipenda.

"Mama, mi naanika dagaa Igombe, hapa Mwanza. Naamka saa kumi alfajiri kwenda kusubiri mitumbwi, narudi nyumbani saa moja jioni nimechoka hoi, nikipiga magoti usiku najikuta nimelala hapo hapo na kichwa kitandani. Nahisi Mungu amenichoka."

Pole sana dada yangu. Mungu hajakuchoka, uliyechoka ni wewe, na anakuona unavyolala hapo na kanga yako kiunoni. Tatizo wengi tulifundishwa kwamba sala ni magoti na nusu saa na macho yamefumbwa, basi, ukikosa hivyo vitatu unajiona hujasali. Soma Nehemia sura ya pili mstari wa nne. Mfalme kamuuliza swali, anasubiri jibu pale pale, na Nehemia anasema alimwomba Mungu wa mbinguni alafu ndo akajibu. Hakupiga magoti wala hakufumba macho, ameshika kazi ya watu na mbele yake yuko bosi. Na hiyo ni sala, imeandikwa.

Mi nimeanika dagaa miaka kumi na moja kwa hiyo ninachokwambia nimekifanya. Nilijipangia hivi, ndoo ya kwanza nikiimwaga kwenye kichanja namtaja mwanangu mkubwa, ya pili namtaja anayefuata, ya tatu mume wangu, na wakati natandaza kwa mkono wasilaliane, maana wakilaliana wanavunda katikati, nakuwa naongea na Mungu habari za huyo mtu mmoja tu, shule yake, homa yake, hasira zake. Ndoo ya mwisho nilimwekea yule niliyegombana naye wiki hiyo. Hiyo ilikuwa inachelewa kuisha jamani. Na wingu likitokea ziwani huku dagaa wako nje, sema "Baba nisaidie" ukiwa unakimbia na turubai, usisimame kusali dagaa wakaloa.

Alafu kuna kitu wewe unacho ambacho watu wa ofisini hawana. Dagaa wanavuliwa kwa taa, mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti, mitumbwi inapumzika. Zile siku za mbalamwezi kila mwezi ni zako. Usizimalize zote kwenye kufua na kusuka nywele, chukua asubuhi moja ukae na Biblia kwenye jiwe pale ufukweni bila haraka. Giza likianza tena utakuwa na akiba.

"Nauza dagaa kwa rejareja Mwaloni Kirumba. Wenzangu makopo yao wameyabonyeza kitako, mteja anaona kopo limejaa kumbe dagaa ni pungufu. Na mimi nimeanza. Kila asubuhi naombea biashara na bado haiendi. Nakosea wapi?"

Umeshajijibu mpendwa, ila kwa sababu umekuwa mkweli na mi nitakuwa mkweli. Mithali 11:1 inasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA. Chukizo, sio kosa dogo. Fanya hivi leo kabla hujafungua meza: jaza lile kopo lako lililobonyezwa, lifute juu vizuri, alafu wamimine hao dagaa kwenye kopo zima. Angalia pengo lililobaki pale juu. Hilo pengo ndo unaloomba Mungu alibariki kila asubuhi.

Nasema kwa uchungu kwa sababu anayeibiwa hapo sio yule mfanyabiashara wa kutoka Congo anayebeba magunia, yule anapima kwa kilo na macho yake yako kwenye mzani. Anayeibiwa ni mama wa Mabatini anayenunua kopo moja la kulisha watoto wanne, ile konzi uliyobakiza ilikuwa sahani ya mtoto wa mwisho. Najua utaniambia kila mtu anafanya na ukipima sawa bei yako inaonekana kubwa. Ni kweli itaonekana kubwa, na wiki mbili tatu za kwanza utaumia, siwezi kukudanganya. Lakini una njia. Chukua dagaa wa kichanja wasio na mchanga, chambua takataka zote, alafu mwambie mteja wazi kwamba kopo langu ni zima, pitisha mkono ndani uone, na dagaa wangu huoshi mara tano. Mama ntilie akipika mara moja bila mchanga kwenye meno atakutafuta. Na lile kopo lingine usimpe mtu wala usiliuze, ligonge na jiwe mpaka lisifae tena.

"Shikamoo mama. Mi ni mvuvi, niko kisiwani Ukerewe. Tajiri wetu, mwenye mtumbwi, amesema kabla ya giza hili kuanza kila mtu atoe elfu tano za mganga ili mtumbwi upate samaki. Nikikataa atanitoa. Nina mke na mtoto mmoja."

Marahaba mwanangu. Usitoe. Najua ni rahisi kwangu kuandika hapa nikiwa nimekaa, na wewe ndo unaangaliwa usoni na tajiri, kwa hiyo ngoja tuongee namna ya kukataa. Usikatae mbele ya wenzako kwa kelele na mahubiri, mfuate peke yake, mwamkie, mwambie tajiri mi kazi yako nitaifanya yote, nyavu nitashona, maji nitakumba, usiku sitalala, ila hiyo hela sitoi kwa sababu mi namwomba Mungu. Basi, ishia hapo. Wapo matajiri wanaoheshimu hilo kwa sababu wanajua kijana wa namna hiyo hawezi kuwauzia dagaa katikati ya ziwa wakaletewa hesabu pungufu.

Na anaweza kukutoa kweli. Kwa hiyo anza leo kuulizia nafasi kwenye mitumbwi mingine, saa hizi za mbalamwezi ndo watu wanajipanga, giza likishaanza nafasi zimejaa. Kumwamini Mungu na kutafuta mtumbwi mwingine vinaenda pamoja. Mwambie na mke wako, asije akashangaa hela imekatika.

Petro alikuwa mvuvi wa kazi, Luka sura ya tano anasema wamefanya kazi usiku kucha wasipate kitu, na usiku ule hakuna aliyekuwa amerogwa, ziwa lina siku zake. Tena kama mnavuta nyavu za kokoro au mnatumia nyavu za timba, mwambieni huyo tajiri samaki wanapotea kwa sababu mnamaliza wachanga, hakuna mganga wa kuziba hapo. Na hiyo elfu tano mwanangu anza nayo kudunduliza ununue boya lako mwenyewe la kujiokolea majini. Nimezika vijana wengi wa ziwa hili waliokuwa wanasali vizuri na hawana boya.

"Tunapanga nyumba moja familia sita hapa Mabatini. Mimi nasali saa nane usiku kwa sauti, ndo napata upako. Majirani wamenishitaki kwa mwenye nyumba. Je, hii si vita ya kiroho?"

Hapana dada, ni watu wanataka kulala. Kuna anayeingia zamu asubuhi, kuna mwenye mtoto mchanga. Yesu mwenyewe anasema kwenye Mathayo 6:6 uingie chumbani, ufunge mlango, Baba anaona sirini, kwa hiyo sauti ndogo anaisikia. Ukitaka kupaza, mkesha wa kanisani upo. Ila kesho asubuhi pita mlango kwa mlango uombe radhi, na ukienda na chapati usiende mikono mitupu itakuwa vizuri zaidi.

"Mama yangu aliugua, tukafunga siku saba na kukesha, akafariki mwezi wa tatu. Mtumishi mmoja akaniambia imani yangu ilikuwa ndogo ndo maana. Tangu siku hiyo nikifungua mdomo kusali natokwa na machozi tu."

Pole. Pole sana mwanangu. Nimesoma meseji yako nikaweka simu chini kwanza.

Huyo mtumishi amekosea, na hata kama ana cheo kikubwa bado amekosea. Yesu Gethsemane aliomba kikombe kimwepuke, akaomba tena na tena, na kikombe hakikumwepuka. Nani atamwambia Yesu imani yake ilikuwa ndogo? Sisi wa Mwanza tunalijua hili tangu tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipozama ziwani. Mle ndani kulikuwa na wanakwaya, wazee wa kanisa, wamama waliofunga safari wameshaomba, na walioko nchi kavu wakaomba siku ile mpaka sauti zikakauka. Nenda makaburini Igoma walikozikwa ukasimame pale, alafu useme wote wale imani yao ilipungua. Huwezi. Mi sijui kwa nini wengine walitoka na wengine hawakutoka, na anayekwambia anajua usimsikilize.

Kuhusu machozi, hayo ndo sala yako kwa sasa, acha yatoke. Ukitaka maneno, azima ya Zaburi ya 13, inaanza "Ee BWANA, hata lini utanisahau", yaani mtu anamuuliza Mungu waziwazi na Mungu hakukasirika. Ya 88 inaishia gizani kabisa, mwishoni hakuna mstari wa kukufariji, na bado imo kwenye Biblia. Kama hata kusoma huwezi, nenda tu jumuiya ukae nyuma, wenzako wasali. Yule mwenye kupooza kwenye Marko sura ya pili alibebwa na watu wanne, na imeandikwa Yesu aliiona imani *yao*. Kuna majira ya kubebwa mwanangu. Tafuta hata wawili waliomjua mama, uwaambie mi siwezi, niombeeni nyie.

"Bibi yangu yuko Magu, Kiswahili chake ni cha kuungaunga. Jumuiyani wakimpa zamu ya kusali watoto wanacheka, siku hizi hataki kwenda. Asali Kisukuma jamani, inakubalika?"

Inakubalika kabisa! Misheni ya Bukumbi, huku kwetu Usukumani, ilianza 1883 na wale mapadre wageni ilibidi wao ndo wakae chini wajifunze Kisukuma, bibi yako hakuletewa Mungu asiyemwelewa. Ongea na kiongozi wa jumuiya ampe bibi sala ya kufunga, na awaambie wale watoto kabla. We siku hiyo nenda naye mshike mkono, kaa pembeni yake. Akisema wabeja, yaani asante, watakaoelewa na wasioelewa wote wataitikia amina.