Konyeza wa Kasanga na wa Dar si familia moja
Umeuliza kama hao konyeza (jellyfish, wanyama laini wa majini wenye mwili kama mwavuli) wadogo uliowapiga picha Kasanga, kando ya Ziwa Tanganyika, ni watoto wa wale wakubwa wa baharini huko Dar. Hapana mkuu, si watoto wao. Wa Ziwa Tanganyika ni Limnocnida tanganyicae, familia ya Olindiidae, kundi linaloitwa haidrozoa. Akikomaa ukubwa wake huwa kama sarafu tu. Wale wakubwa wa baharini wengi ni wa kundi jingine, skifozoa. Alama ya kuwatenganisha iko ukingoni mwa mwavuli, kwa ndani: haidrozoa ana utando mwembamba uliojikunja kama pindo la sketi, skifozoa hana. Nafundisha baiolojia huku Mbeya. Niliwahi kumtia mmoja kwenye chupa ya jemu, nikaweka kitambaa cheusi nyuma, utando ukaonekana vizuri. Ukimwanika juani umemkosa, anabaki ute mtupu.

Ila angalia, konyeza wa baharini mwenye mwavuli wa pembe nne, kama boksi, naye ana utando unaofanana na huo, na ni kundi jingine kabisa. Kwa hiyo umbo kwanza, utando baadaye. Huyo wa boksi usimshike, baadhi yao sumu yao inaua.