Tangi la gari la kale: lijazwe au limwagwe kabla ya kulilaza miezi ya baridi?

Jaza mpaka karibu na mdomo, usimwage. Tangi la chuma likibaki nusu ile hewa ya juu inatoa jasho ukutani baridi ikiingia, kutu inaanza hapo, na petroli yenye ethanoli (aina ya pombe inayochanganywa humo) nayo inanyonya hayo maji. Ila weka kwanza dawa ya kutunza petroli ndo ujaze, halafu washa injini kama dakika 10 hivi hiyo dawa ifike mpaka kwenye kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa). Mi mwaka mmoja niliruka hiyo, nikaja kukuta bakuli la kabureta lina utando wa kahawia unanata kama gundi, jeti (kile kitundu kidogo cha kupitisha petroli) imeziba kabisa. Kama mipira ya kupitisha mafuta ni ile ya zamani ibadilishe, ethanoli inaila.