Kuiwasha seva ya nyumbani ukiwa mbali baada ya umeme kukatika

Mtu anayeweka seva nyumbani, yaani kompyuta inayowaka muda wote ili kuhifadhi na kutoa mafaili, huanza kwa kutafuta programu itakayomwezesha kuiwasha akiwa mbali. Kwa uzoefu wangu wa kutunza seva ndogo yenye nyaraka na picha za familia, hilo ni jambo la pili. La kwanza ni kuhakikisha kwamba mashine inaweza kuwaka yenyewe bila kuagizwa na mtu, kwa sababu umeme unapokatika huondoka na ruta pia, na bila ruta hakuna njia ya kupitishia amri yoyote.

Kazi hiyo hufanyika kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine inayofanya kazi kabla ya mfumo endeshi kuwaka. Katika sehemu inayohusu umeme, bodi mama nyingi zina mpangilio unaoamua mashine ifanye nini umeme unaporudi: ibaki imezimwa, iwake, au irudie hali iliyokuwa nayo kabla umeme haujakatika. Chaguo la tatu huonekana kuwa la busara zaidi, lakini nashauri uchague la pili, hasa ikiwa una UPS, kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme kwa muda unapokatika. Programu kama NUT huiangalia betri ya UPS na, chaji inapokaribia kuisha, huizima seva kwa utaratibu ili data isiharibike. Ukiwa umechagua la tatu, kwa kuwa seva imezimwa kwa amri, hali yake ya mwisho ni kuzimwa, na umeme utakaporudi itaendelea kulala kama ilivyoagizwa. Yaani kadiri unavyoitunza vizuri, ndivyo inavyokataa kuamka!

Kuna hali nyingine iliyo ngumu zaidi kuigundua. Umeme unaweza kurudi wakati seva ikiwa katikati ya kujizima, kabla UPS haijaishiwa chaji. Seva humaliza kujizima, lakini soketi za UPS hazikukosa umeme hata kwa sekunde moja, kwa hiyo BIOS haioni sababu ya kuiwasha mashine. Dawa yake ni kuipanga NUT ili, hatua ya mwisho kabisa ya kuzima, iiamuru UPS ikate umeme wa soketi zake na kuurejesha baada ya muda mfupi. Zipo UPS zisizotii amri hiyo, na ni vyema kuuliza kabla ya kununua. Ukiifungua mashine, badilisha pia betri ndogo ya bodi mama, CR2032, ikiwa imezeeka, kwani ikifa, saa ya mashine hupotea, na kwenye baadhi ya bodi mipangilio yote ya BIOS hupotea nayo, kisha mashine husimama ikisubiri mtu abonyeze kitufe kwenye kibodi ambayo haipo.

Baada ya hapo ndipo Wake-on-LAN, njia ya kuiamsha mashine kupitia waya wa mtandao, inapopata nafasi yake. Pakiti (kifurushi cha data) inayoamsha mashine ni fupi: baiti 6 za FF, zikifuatwa na anwani ya MAC, yaani namba ya utambulisho ya kadi ya mtandao, iliyorudiwa mara 16, jumla baiti 102. Kwa kawaida pakiti hiyo hutangazwa ndani ya mtandao wa nyumbani tu, na ruta haiipitishi kutoka nje, hivyo anayeituma lazima awe ndani. Mimi huituma kwa Raspberry Pi, kompyuta ndogo sana ambayo huwaka yenyewe mara tu inapopata umeme. Hata hivyo, usiitegemee njia hii peke yake, kwa maana baadhi ya kadi za mtandao zikishakosa umeme kabisa hazisikilizi pakiti hiyo mpaka mfumo endeshi uwake tena.

Ili kuifikia Raspberry Pi hiyo kutoka mbali, ni salama zaidi kutumia WireGuard, programu ya VPN inayotengeneza njia ya siri kupitia intaneti, kuliko kufungua milango (ports) ya ruta ovyo. Ikiwa mtoa huduma wako wa intaneti hakupi anwani ya IP ya umma, yaani inayofikika moja kwa moja kutoka nje, muunganisho uanzie ndani kwenda kwenye seva ya kukodi iliyo nje, na udumishwe kwa pakiti ndogo kila sekunde 25. Angalia saa pia: Raspberry Pi za kabla ya toleo la 5 hazina saa inayoendelea kutembea bila umeme, na WireGuard hukataa ombi lenye muda uliotangulia ule wa ombi la mwisho. Kwa hiyo ulinganishaji wa saa upitie intaneti ya kawaida, usisubiri WireGuard iunganishwe kwanza.

Soketi ya kuzima na kuwasha kwa simu inafaa pale tu mashine inapogoma. Kuikatia umeme seva inayofanya kazi ni kuhatarisha diski zake. Ikiwa diski zimefungwa kwa nenosiri, weka Dropbear, programu ndogo ya SSH, kwenye hatua ya mwanzo ya kuwaka ili uliingize nenosiri hilo kwa SSH, yaani kwa kuiagiza mashine kwa maandishi ukiwa mbali, na diski za nje zisizo za lazima ziandikwe neno nofail kwenye fstab, faili la Linux linaloorodhesha diski za kufunguliwa mashine inapowaka, la sivyo moja ikikosekana mashine nzima itakwama.

Yote haya yajaribiwe ukiwa bado nyumbani. Zima seva kwa amri, chomoa waya wa UPS ukutani, acha betri iishe, kisha urudishe umeme na ujaribu kuingia kwa simu iliyozimwa WiFi. Rudia, na safari hii uiache NUT iizime seva yenyewe, kisha urudishe umeme wakati seva inaendelea kujizima.